Mkalimani wa Kaptebelio

Rebeccah Chepkirui alizungumza kwa muda ambao ungetosha sufuria ya chai kuchemka hadi kumwagika. Kipkosgei arap Sitonik alipomfasiria daktari Mzungu, yote yalienea katika sentensi moja.

"Anasema wanaishukuru serikali kwa zahanati hii, nao watafuata mpango utakaoamuliwa."

Daktari alimtazama yule mama, ambaye bado alikuwa amesimama mbele ya umati, kifua kikipanda na kushuka kama cha mtu aliyetoka kupanda kilima. Kisha akamgeukia mkalimani.

"Hayo tu? Mbona amechukua muda mrefu?"

"Anarudiarudia, Bwana. Ndivyo akina mama wa huku wanavyozungumza."

Daktari akaandika mstari mmoja katika daftari lake, akaufunga kwa nukta. Rebeccah akaketi, ameridhika. Alidhani amesikika.

Mlangoni mwa zahanati alisimama Danson Kinyua, dresa, yaani tabibu msaidizi, wa Kaptebelio kwa miaka kumi na minne, na koti lake jeupe lililokwisha kufuliwa hata likawa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Kazi yake alijifunza Nairobi, kwa Kiingereza. Kikipsigis alijifunza hapahapa, kwa kuwauliza watu wanaumwa wapi. Alikuwa amesikia maneno ya mama na maneno ya mkalimani, na tofauti yake aliijua vyema kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Hakusema kitu. Ulikuwa mwaka wa 1957, Hali ya Hatari bado haijaondolewa, na Danson alikuwa Mkikuyu. Kibali kilichomruhusu kuishi upande huu wa nchi kilikuwa kimekunjwa mara nne mfukoni mwake, nacho kimeandikwa kwamba ni halali maadamu yuko kazini. Mtu mwenye karatasi kama hiyo hamkosoi karani wa serikali mbele ya Mzungu. Alimtazama Kipkosgei mara moja, pasipo hasira, kisha akaingia ndani, ambako mtoto mmoja alikuwa akilia.

Zahanati yenyewe ilikuwa nyumba ya mawe ya vyumba viwili, kwenye mgongo wa kilima, mahali ambapo mashamba ya Wakipsigis yalikoma na chai ya kampuni ikaanza. Ng'ambo ya barabara majani yalikuwa yamekatwa sawasawa kama zulia, na hospitali ya kule ilikuwa na vitanda na mataa, lakini ilikuwa ya wafanyakazi wa chai peke yao. Upande wa huku, mtu akiumwa alikuwa na Danson: kwinini yake, dawa yake ya zambarau ya vidonda, sindano zake zilizochemshwa juu ya jiko la mkaa. Sasa wakubwa wa wilaya walikuwa wamepanga kufunga zahanati tatu ndogo na kujenga kituo kimoja kikubwa kando ya barabara kuu, maili kumi na mbili kutoka hapo. Kwenye karatasi, mpango ulipendeza. Karatasi haina matope.

Kipkosgei alizaliwa Kaptebelio. Mama yake alikuwa angali akiishi bondeni, chini ya zahanati. Asubuhi ile, alipopanda Landrova pamoja na daktari, alikuwa na nia safi. Aliapa moyoni kwamba kila neno la watu wake angelifikisha lilivyo. Na Rebeccah alipoanza kusema alimfuata vizuri, akiyapanga maneno kichwani kama mtu apangaye kuni. Kisha yule mama akamtaja Sally. Hapo kuni zikaporomoka.

Sally alikuwa mke wake. Alikuwa amekufa ndani ya zahanati ile ile, miaka sita iliyopita.

*

Wiki tatu baadaye barua ilipita mezani kwake. Zahanati ya Kaptebelio ingefungwa mwisho wa Machi. Dresa na mkewe wangepewa usafiri kurudi wilaya yao ya asili. Kipkosgei ndiye aliyeipiga chapa. Vidole vyake havikukosea hata herufi, na jambo hilo lilimsumbua zaidi kuliko ambavyo kosa lingemsumbua.

Barua kama zile hupelekwa na tarishi. Hii aliipeleka mwenyewe, Jumamosi mchana, kwa baiskeli. Alijiambia anakwenda kumjulia mama hali, lakini alipofika njia panda ya bondeni hakukata kona.

Danson aliisoma barua amesimama, kisha akaisoma tena ameketi. Nyathira, mkewe, aliweka mezani vikombe viwili vya chai, akautazama uso wa mumewe, akatoka bila kuuliza. Wakamsikia huko nje akiwaita kuku.

"Umeipiga chapa wewe mwenyewe?" Danson aliuliza.

"Mimi."

"Ni kazi safi." Aliikunja barua. "Watatupandisha treni stesheni ya Lumbwa. Nyeri niliiacha nikiwa kijana, Bwana Sitonik. Shamba la baba ndugu zangu wamekwisha kugawana. Lakini huko ndiko kwetu, barua inasema."

Kipkosgei alikishika kikombe bila kunywa.

"Siku ile ya mkutano ulinisikia," alisema.

"Nilikusikia."

"Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini? 'Bwana Daktari, karani wako anakudanganya'? Kesho yake ningeamkia wapi?" Danson alisema hivyo kwa utulivu, kama aelezaye jinsi dawa inavyomezwa. "Tena nilikuona ulipokwamia. Ulikuwa umekwisha kufungua mdomo. Mama akalitaja jina la mkeo, ukaufunga. Ulipoufungua tena, alitoka mtu mwingine."

Kuna maneno yanayomfunika mtu kama blanketi, na kuna yale yanayomvua nguo. Kipkosgei alihisi baridi.

Kwa miaka sita alikuwa na hadithi yake, na hadithi hiyo alikuwa ameisimulia mara nyingi hata ikalainika kama mpini wa jembe: kwamba mkewe alikwenda kujifungua akiwa mzima, na mikono ya dresa wa kigeni ikamuua pamoja na mtoto. Aliisimulia mjini, aliisimulia kwa jamaa, na walioisikia walitikisa vichwa. Hakuwahi kusimulia kilichotangulia. Uchungu wa Sally ulipoanza, yeye alikuwa Kericho, karani mpya mwenye viatu vipya, na alikuwa ameacha amri nyumbani: mke wa karani hatazalishwa na dresa wa kijijini, asubiri, lori la rafiki yangu litampeleka hospitali kubwa. Lori lilikwama kwenye matope. Nyumbani walingoja siku ya kwanza, wakangoja ya pili, kwa sababu amri ya mwenye nyumba ni amri. Siku ya tatu mama yake alikataa kungoja. Akamfunga ng'ombe mkokoteni na kumpandisha Sally kilimani. Muda ulikuwa umekwisha.

"Nimekuwa nikiwaambia watu kwamba wewe ndiye uliyemuua," Kipkosgei alisema.

"Najua. Waliniambia."

"Nawe hukuwaambia kwamba aliletwa siku ya tatu."

Danson aliinuka, akasogeza pazia la dirisha ingawa mwanga ulikuwa unatosha. "Ulikuwa umefiwa. Aliyefiwa haongezewi mzigo. Mwaka wa kwanza nilisema, acha apumue kwanza, nitamwambia. Mwaka wa pili nilisema vivyo hivyo. Baadaye ikawa kama jiwe lililo njiani, watu wamezoea kulizunguka." Akaliachia pazia. "Wewe unafikiri mimi simkumbuki? Alikuwa ananiuliza kama umefika. Mimi nikamwambia uko karibu. Ndiyo dawa pekee niliyokuwa nayo."

Kipkosgei alilia kwa mara ya kwanza tangu maziko. Alilia vibaya, kama mtu asiyejua kulia, huku kamasi zikimtoka. Danson hakumgusa. Alikaa pale pale, kama alivyozoea kukaa na wagonjwa ambao hawahitaji dawa ila mtu wa kukaa nao, mpaka Nyathira alipoingia na kuondoa chai iliyopoa.

*

Jumatatu alikwenda kwa daktari kabla ya ofisi kufunguliwa. Alisimama mbele ya meza, kofia mkononi, akasema kwamba siku ile Kaptebelio hakufasiri alichosema mama Rebeccah. Kwamba watu hawakukubali mpango. Kwamba walikuwa wakiomba.

Daktari alikuwa mtu mzima, mchovu, mwenye ngozi iliyochomwa na jua lisilo la kwao. Hakupandisha sauti.

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

Kipkosgei aliigeuza kofia mkononi. "Nilishindwa, Bwana," alisema.

Daktari akaiweka kalamu chini. Akatazama nje, ambako mtunza bustani alikuwa akimwagilia maua. "Nitakuambia jambo, kwa sababu umekuja mwenyewe. Mpango ule ulikuwa umepitishwa Desemba. Mimi nilitumwa kuuliza kwa sababu utaratibu unataka watu waulizwe. Hata ungenifasiria kama malaika, nadhani tungefika hapa hapa."

"Unadhani, Bwana?"

"Nadhani." Kisha, kama mtu anayejiuliza mwenyewe: "Kama ningesikia, pengine ningeandika barua. Pengine nisingeandika. Sijui."

Kipkosgei alitoka akiwa na neno hilo, nalo lilimlemea kuliko adhabu. Kama daktari angesema, wewe ndiye uliyeifunga zahanati, angekuwa na kosa lenye umbo, la kushika, la kutubu. Kama angesema, wewe huna lolote, angekwenda zake. Alipewa "pengine", na pengine haina mlango wa kutokea. Wiki ile aliomba aondolewe kazi ya ukalimani. Wakampeleka chumba cha majalada, kazi isiyotaka mtu kufungua mdomo.

*

Siku ya kufunga, lori lilifika asubuhi kuchukua kabati, meza na mizani ya watoto. Hakuna aliyewaita watu, lakini walikuja: wanawake wenye vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando, kwa ajili ya safari ya Danson, wazee waliovaa makoti yao ya kanisani, na Kiptanui, mume wa Rebeccah, aliyeongoza kikosi cha kubeba mawe zahanati ilipokuwa inajengwa. Alikuwa akiupapasa ukuta kama apapasaye ubavu wa ng'ombe anayeuzwa. Nyathira aliketi juu ya sanduku lao, kuku wawili waliofungwa miguu wakiwa mapajani mwake.

Kipkosgei alifika kwa baiskeli wakati makuli walipokuwa wakifunga kamba. Aliiegemeza kwenye ua, akasimama mahali ambapo Rebeccah alikuwa amesimama siku ile.

"Nina jambo la kusema," alisema. Kisha akalisema. Kwamba siku ya mkutano alifasiri sentensi moja. Akaitaja sentensi yenyewe. Kwamba mkewe aliletwa hapa siku ya tatu, kwa sababu ya amri yake yeye, na kwamba mikono ya Danson Kinyua haikumuua mtu.

Mzee mmoja alitema mate kando, taratibu. Mama yake Kipkosgei, aliyekuwa katikati ya wanawake, alijifunika kichwa kwa shuka. Siku ya tatu aliijua, na alikuwa ameibeba kimya kwa ajili ya mwanawe.

Rebeccah ndiye aliyesogea mbele. Alikuwa mwanamke mfupi, na ilimbidi kuinua uso ili amtazame.

"Mimi nilirudi nyumbani siku ile nikamwambia mume wangu, yule mtoto wetu wa Kaptebelio ameyabeba maneno yangu vizuri," alisema. "Nililala nimetulia. Unajua hilo?"

"Sasa najua, mama."

"Niliyoyasema unayakumbuka, au yalikwenda na upepo?"

"Nayakumbuka."

"Basi yaseme. Hapa, tusikie."

Kipkosgei akayasema. Mkalimani mzuri ni mtu wa kumbukumbu kabla hajawa mtu wa lugha, naye alikuwa mkalimani mzuri. Hata lile pumziko la Rebeccah kati ya jambo na jambo alilirudisha mahali pake.

"Ulisema: Mzungu, karibu. Nyumba hii tuliijenga kwa mawe tuliyoyabeba vichwani kutoka mtoni, wanaume kwa wanawake, na mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Ulisema: mnatuambia huko mbali kuna vitanda. Sisi hatukukosa vitanda, tulikosa pa karibu. Maili kumi na mbili kwa mtu mwenye gari ni kitu kidogo, lakini mwenye homa hapimi maili, anapima pumzi. Ulisema: mvua ya Aprili ikinyesha mto hula daraja, na ugonjwa hausubiri daraja lijengwe. Ulisema: mwaka wa surua, huyu Danson hakuvua viatu siku tisa. Watoto wangu wawili wako hai kwa sababu hiyo, na wa tatu alikufa mikononi mwake, na yeye ndiye aliyenichimbia kaburi kwa kuwa wanaume walikuwa wagonjwa. Ulisema..."

Makuli walikuwa wameacha kufunga kamba.

"Endelea," Rebeccah alisema.

"Ulisema: hatumsifu kwa kuwa hakuna wanaokufa hapa. Wanakufa. Sally wa arap Sitonik alikufa hapa, msichana mzuri aliyekuwa akiimba kanisani karibu nami, na Danson alikaa siku mbili hajala. Mtu anayelia nawe ndiye daktari wako, hata kama serikali imempa cheo kingine. Ulisema: usitunyang'anye mtu huyu."

Alikuwa amemaliza. Daktari hakuwapo. Barua zilikwisha kutiwa sahihi, kabati limekwisha kupanda lori. Maneno yalikuwa yamefika, lakini yalikuwa yamewafikia wale tu waliokuwa wakiyajua.

Danson alikuwa amesimama kando ya gurudumu, kofia kifuani. Alitingisha kichwa mara moja, kama alivyozoea kufanya mgonjwa anapotaja kwa usahihi mahali panapomuuma. Kisha dereva akapiga honi. Wanawake wakaanza kumpa Nyathira vibuyu, mmoja baada ya mwingine, hata akakosa pa kuviweka. "Kongoi," alikuwa akisema, "kongoi," asante asante, kwa lafudhi yake ya Nyeri ambayo miaka kumi na minne haikuiondoa. Lori likashuka kuelekea Lumbwa, stesheni ambayo siku hizi tunaiita Kipkelion, na vumbi likakaa hewani kwa muda mrefu kwa sababu mvua ilikuwa bado.

*

Mvua ilianza wiki ya pili ya Aprili. Kipkosgei alikuwa amekuja kwa mama yake Jumamosi, kama alivyofanya sasa kila Jumamosi, ingawa watu wa Kaptebelio walimwitikia salamu kwa ufupi na hakuna aliyemkaribisha chai. Hakulalamika.

Alasiri alisikia miguu mingi ikiteleza kwenye njia ya juu. Walikuwa wanaume sita na machela ya fito na gunia, na juu yake mzee Onsongo, Mkisii aliyechuma chai ya kampuni miaka ishirini mpaka mgongo ulipokataa, akaachishwa kazi na kuhamia upande huu wa barabara. Kichomi kilikuwa kimemshika. Pumzi yake ilisikika kabla sura yake haijaonekana. Walipita mbele ya zahanati bila kugeuza vichwa. Milango ilikuwa na kufuli na mbuzi walikuwa wamejikinga mvua barazani.

Kipkosgei alichukua koti, akawafuata. Hakuomba. Alitembea nyuma yao kwa muda, maji yakiingia katika viatu, mpaka waliposimama mgongoni mwa kilima kubadilishana mabega. Kiptanui, aliyekuwa amebeba mbele, alimwona. Wakatazamana. Mvua ilikuwa ikichirizika kwenye kofia ya Onsongo.

"Wewe ni mrefu," Kiptanui alisema. "Shika nyuma, kichwa chake kibaki juu. Huku mbele ni mteremko."

Akashika. Ufito ulikuwa na fundo palepale penye bega, na uzito wa mtu aliye hai si kama uzito wa mzigo, husogea. Wakaanza kushuka, mguu kwa mguu, kila mmoja akisikiliza kikohozi cha mzee ili ajue lini asimame.

Karibu na mto, ambako maji yalikuwa yamekwisha kufunika mbao za daraja, Onsongo alifumbua macho.

"Tumefika wapi?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Karibu, mzee," alijibu mmoja wa waliokuwa mbele. "Tunafika sasa hivi."

Macho ya mgonjwa yakazunguka, yakatua kwa aliyekuwa nyuma, karibu na kichwa chake. Yalikuwa yanauliza tena.

Kipkosgei alikumbuka kwamba kuna wakati neno "karibu" huwa dawa. Alifungua mdomo kulisema. Lakini mzee huyu alikuwa na safari ya kuipangia pumzi zake, na zilikuwa chache.

"Bado maili saba," alimwambia.

Onsongo alifumba macho tena, kana kwamba anazihesabu moja moja.

"Basi msikimbie," alisema.

Wakaingia majini.